Bakuli la Mama

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, mhariri aliponiomba niandike kisa cha likizo nilikuna kichwa hadi kikauma. Wenzangu darasani walikwenda Mombasa wakaogelea, wengine walipanda treni ya SGR kwa mara ya kwanza na hadi leo hatupumui kwa hadithi zao. Mimi Desemba 2025 niliimaliza jikoni nikimenya maembe. Lakini kwa kuwa hayo ndiyo yaliyonipata, hayo ndiyo nitakayowasimulia. Atakayecheka na acheke, mradi asome hadi mwisho.

Kila tarehe 26 Desemba ukoo wetu hukusanyika kwa nyanya yetu, ambaye sote humwita Susu, karibu na mji wa Wote huko Makueni. Babu kabla ya kufariki aliacha neno kwamba siku hiyo asikosekane mtu. Wanaume huchinja mbuzi. Nyumba ya Baba Mkubwa huleta mchele na viungo vya pilau. Shangazi mkubwa huja na chapati. Shangazi mdogo hupika muthokoi, na ole wako useme umeuma jiwe, utafukuzwa mezani. Nasi, nyumba ya kitinda mimba, huleta saladi ya matunda iliyochanganywa na kastadi na malai.

Mama ndiye aliyeyaanzisha hayo alipoolewa. Nasikia mwaka wa kwanza watu waliichungulia ile sufuria ya rangi ya manjano wakauliza kama kuna mgonjwa anayepikiwa uji. Mwaka wa pili watoto waligombania mwiko. Kufikia wakati nilipopata akili, siku hiyo hakuna aliyemwita Mama kwa jina lake. Alikuwa Mama Kastadi, basi. Alikuwa na bakuli lake jeupe lenye maua ya samawati pembeni, kubwa kama beseni la kuogeshea mtoto. Thubutu ulitie kachumbari uone!

Hapa naomba nichepuke kidogo. Wengi wetu hudhani kastadi ni chakula cha kizungu kisicho na udugu nasi. Zamani Waingereza waliipika kwa mayai na maziwa. Ndipo mwaka 1837, kule Birmingham, Alfred Bird, mtu wa duka la dawa, akabuni unga usio na mayai kwa sababu mkewe alikuwa akidhurika na mayai. Unga wenyewe ni wanga wa mahindi, pamoja na rangi na harufu ya vanila. Kwa hivyo sisi watu wa muthokoi tusitishwe na pakiti yake. Humo ndani ni mahindi tu yaliyovaa suti.

Haya, turudi kwenye kisa. Septemba 2024 Mama alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili. Sitaeleza sana sababu zake. Karo yangu ilikuwa mojawapo, na wengi wenu mnaosoma haya mna mama, dada au shangazi huko, mnajua. Desemba ya mwaka huo tulikwenda kwa Susu na kreti mbili za soda. Baba alizibeba mabegani akizishusha kwa kishindo ili zionekane nyingi. Hakuna aliyetusema mbele yetu. Lakini jioni, nikiwa nyuma ya ghala nikimtafuta ndugu yangu mdogo, niliisikia sauti ya Shangazi mkubwa akiwaambia wenzake: "Mwenye bakuli ameliacha, na nyumba ameiacha. Mtaniambia kama atarudi."

Nilisimama pale kama niliyepigiliwa misumari. Sikumwambia Baba. Sikumwambia Mama. Neno hilo nililibeba shuleni mwaka mzima wa Kidato cha Pili, na usiku taa zikizimwa bwenini lilikuwa likinijia lenyewe bila kuitwa.

Shule zilipofungwa mwaka jana nilikata shauri. Mama hupumzika Ijumaa, na kwa bahati saa za huko na za kwetu ni sawa, kwa hivyo hupiga simu jioni. Nilimwambia, "Mama, mwaka huu bakuli litakuwepo kwa Susu. Nitapika mimi."

Alinyamaza kidogo nikadhani simu imekatika. Kisha akacheka. "Wewe? Si juzi tu uliunguza chai?"

"Mama!"

"Haya basi, chukua kalamu uandike."

Niliandika nyuma ya daftari langu la Kiswahili, na Mwalimu akilikusanya ataona. Kila nusu lita ya maziwa, vijiko viwili vikubwa vya unga wa kastadi na viwili vya sukari. Unga usiutupe kwenye maziwa ya moto, utapata madonge kama vidonge vya malaria. Ukoroge kwanza kwa maziwa baridi kwenye kikombe hadi ulainike. Maziwa yakichemka ndipo uumimine polepole, mkono mwingine ukikoroga bila kupumzika. Tumia jiko la makaa, usipikie kuni, maana maziwa hunusa moshi upesi. Ikiwa nzito, ipua. Ikipoa pigapiga kwa mwiko isifanye ngozi juu. Matunda ni maembe, mapapai, ndizi na mananasi ya mkebe. Ndizi zikatwe mwisho kabisa na zinyunyiziwe maji ya ndimu zisiwe nyeusi. Machungwa usitie, yatakata maziwa. Malai mwombe Susu, yeye huyakusanya.

"Umeandika mananasi ya mkebe?" aliuliza.

"Nimeandika."

Na kweli nilikuwa nimeandika. Lakini, wasomaji, kuandika ni kitu kimoja na kutii ni kingine. Nilipofika sokoni Muthurwa na pesa alizonipa Baba, nilikuta mananasi yamepangwa kama askari wa gwaride, yananukia hadi barabarani. Mkebe mmoja dukani ulikuwa na bei ya mananasi mawili makubwa. Nikajiambia kwamba Mama alizoea mikebe kwa uvivu wa kumenya, na kwamba tunda bichi lazima litashinda tunda la mkebe. Nilinunua mananasi matano, nikajiona mwerevu kuliko aliyenizaa.

Tarehe 24 tulipanda gari pale stendi ya Machakos. Nauli ilikuwa imepanda, kama ilivyo desturi ya Krismasi, na watu walikuwa wamebanana kama njugu kwenye ganda. Bakuli nililivika blanketi nikalipakata safari nzima. Kila gari liliporuka tuta mimi niliruka nalo. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami alinitazama sana, mwishowe akauliza mtoto ana miezi mingapi.

Kwa Susu maembe yalikuwa yameiva hadi yanaanguka yenyewe usiku, puu! puu! juu ya mabati ya jikoni. Ni ngowe, yale marefu yenye ncha iliyopinda kama mdomo wa kasuku. Msimu wa Desemba kule Makueni embe halina thamani hata kidogo. Watoto hupigana nayo, ng'ombe huyala, na bado mengine huoza chini. Susu alinipokea, akalifungua lile blanketi, akalipapasa bakuli kwa vidole vyake bila kusema lolote. Kisha akaniambia, "Somo yangu, umekonda. Shuleni hamli?" Mimi nimepewa jina lake, ndiyo maana huniita somo.

Jioni ya Krismasi, baada ya kutoka kanisani, niliingia kazini. Nilipika lita nne za maziwa kwa zamu mbili, jasho likinitiririka. Haikuwa na donge hata moja! Niliichovya kijiko, nikageuza mgongo wa kijiko, nikapitisha kidole katikati. Ile njia ikabaki wazi kama Mama alivyoniambia. Nilimenya, nikakata, nikachanganya vyote isipokuwa ndizi. Mananasi manne nilitia, moja likabaki. Nyumbani kwa Susu kuna taa za umeme lakini hakuna friji, kwa hivyo alinionyesha njia yake. Bakuli liliwekwa ndani ya karai lenye maji, likafunikwa kwa sahani kubwa, kisha gunia lililoloweshwa likazungushwa na yote yakawekwa dirishani penye upepo. Maji yakikauka kwenye gunia huondoka na joto, kama mtungi unavyotoa jasho na maji yake yakawa baridi. Nililala usingizi wa mtu aliyefaulu mtihani.

Niliamka jogoo akiwika. Nilitoa gunia, nikafunua. Lahaula! Juu kulikuwa na maji ya manjano yanayoelea, na chini kastadi yangu nzito ilikuwa imelegea kama uji uliomwagiwa maji. Nilionja. Uchungu ulinikamata ulimi hadi masikioni, mwarobaini mtupu. Nilionja tena upande wa pili, nikidhani labda ule wa kwanza ni bahati mbaya. Uchungu ule ule.

Sasa nitawaambia jambo ambalo naona haya kuliandika. Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba kuna mtu aliyeamka usiku akatia kitu ndani. Na mtu huyo nilimpa sura, na sauti, na chapati mkononi. Nilikaa kwenye kigoda nikamwaga machozi, nikimlaani shangazi yangu wa damu kimoyomoyo.

Susu ndiye aliyenikuta. Alichovya kidole, akaonja, akatema nje ya mlango.

"Umetia nini humu?"

Nilimhesabia moja moja. Nilipofika kwenye nanasi alinisimamisha.

"Bichi?"

"Bichi, Susu."

Alifikiri kidogo. "Nyama ya beberu mzee ikikataa kuiva, sisi huipaka utomvu wa papai bichi. Inalegea, hata asiye na meno anakula. Labda nanasi nalo limeyala maziwa yako."

Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Tulipofungua shule Januari nilimwuliza mwalimu wetu wa Baiolojia, naye akachora ubaoni kipindi kizima. Kumbe Susu alikuwa amesema kweli tupu. Ndani ya nanasi bichi mna kimeng'enya kiitwacho bromelini, na katika utomvu wa papai mna ndugu yake aitwaye papaini. Kazi yao ni kukatakata protini. Katika nyama hulainisha. Katika maziwa hukata protini vipande vidogo vidogo, na baadhi ya vipande hivyo ni vichungu. Ukiila saladi papo hapo huenda usigundue, lakini ukiiacha usiku kucha umekwisha. Moto huviua vimeng'enya hivyo, na mananasi ya mkebe huwa yamepitia moto kiwandani. Mama hakuwa akijua neno bromelini. Alikuwa akijua mkebe.

Lakini alfajiri ile sikuwa na Baiolojia, nilikuwa na machozi. Na kabla hayajakauka, mlango ukajaa mtu. Ni Shangazi mkubwa, amekuja mapema kukanda unga. Alinitazama, akalitazama bakuli, akachukua kijiko akaonja. Uso wake ulikunjamana.

Nilingoja aseme. Mwaka mzima nilikuwa nikimngoja.

"Maziwa ya asubuhi yamekamuliwa?" alimwuliza Susu.

"Ndiyo kwanza."

"Unga umebaki?" hilo lilikuwa langu.

"Pakiti moja, Shangazi. Na nanasi moja."

"Basi unalia nini? Chapati zitangoja. Bakuli hili haliwezi kukaa tupu miaka miwili." Akajifunga leso kiunoni, akalibeba bakuli nje. Ile saladi ya kwanza tulimwekea mbwa wa Susu, naye alinusa, akatutazama kwa huruma, akaenda zake. Hatimaye ilimwagwa shimoni.

Maziwa yaliyopatikana yalikuwa lita tatu, na Shangazi akatuma mtoto kwa jirani akaleta moja. Nilipika tena. Safari hii yeye ndiye aliyeshika kikombe akimimina nami nikikoroga, maana mikono yangu ilikuwa ikitetemeka. Lile nanasi moja tulilikata vipande vidogo, tukalichemsha kwenye maji yake lenyewe na sukari kidogo kwa muda wa dakika kumi hivi. Hilo ni wazo la Susu: kama linakula, liuawe kwanza. Mapapai hatukutia, hatukuwa na moyo wa kuyaamini tena. Badala yake tulijaza maembe, na watoto walitumwa juu ya mti wakaangusha yale yaliyoiva bila kulegea. Sufuria ilipoipuliwa ilikalishwa ndani ya karai la maji, na maji hayo tukayabadilisha mara nne kadiri yalivyopata moto.

Tukiwa tunamenya, Shangazi alisema bila kuinua macho, "Nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho, wifi yangu alikuja kutoka Nairobi akanipikia wiki mbili. Chakula kingine hakikupita kooni, ila hii tu." Kisha akanyamaza. Sikujua kama alikuwa akizungumza nami au na maembe. Sikumwuliza juu ya ghala, naye hakuligusa. Hadi leo sijui kama alijua niliwasikia.

Susu alileta malai aliyokuwa ameyaengua juu ya maziwa ya siku tatu, bakuli dogo zima. Niliyapiga kwa uma hadi yakavimba kidogo, nikayachanganya kwenye kastadi iliyopoa. Ndizi nilizikata mwisho na ndimu juu. Pasheni chache nilizomimina juu tu, watu walipokwisha kukaa, zisipate nafasi ya kugombana na maziwa. Hilo nililibuni mwenyewe na najivunia.

Saa tisa alasiri, baada ya mbuzi na pilau na muthokoi (niliuma jiwe, nikameza), bakuli liliwekwa katikati ya meza. Tulikuwa watu arobaini na ushee na vikombe vya kila aina, hata vifuniko vya chupa za chai. Nilisimama nyuma ya mlango nikichungulia. Baba Mkubwa ndiye hupakuliwa kwanza. Alikula kijiko kimoja, akakaa. Akala cha pili. Moyo wangu ulikuwa ukitwanga kama kinu.

"Sukari imepungua kidogo," alisema. Kisha akasukuma kikombe mbele. "Ongeza."

Baba yangu hakusema kitu. Alikula pole pole akiangalia chini, na alipomaliza alikishika kikombe kitupu muda mrefu kama mtu anayesubiri chai.

Siku hiyo, bahati nzuri, ilikuwa Ijumaa. Kwa Susu mtandao haupatikani uani; lazima upande mwamba ulio nyuma ya zizi. Tulipanda kundi zima, watoto wakitangulia, hata Susu akashikwa mikono. Simu ilipoita na uso wa Mama ukatokea, watu thelathini walisema kwa pamoja, "Mama Kastadi!" Sikusikia alichojibu. Shangazi mkubwa alininyang'anya simu, akamwonyesha bakuli alilokuwa amelibeba mwenyewe hadi juu ya mwamba. Ndugu yangu mdogo alikuwa amelikwangua hata maua yakawa yanang'aa.

"Wifi! Unaona? Hata hatukukubakishia!"

"Nimeona," sauti ya Mama ilikatikakatika. "Mlitia mananasi ya mkebe?"

Shangazi alinitazama. Nilitazama mawingu.

"Wewe rudi Septemba tukuambie," alijibu.

Asubuhi iliyofuata, tulipokuwa tukifunga mizigo, nililitafuta lile blanketi nisilione. Kumbe ndugu yangu alikuwa amelilalia na lilikuwa na mambo yake. Shangazi aliliosha bakuli tena ingawa lilikuwa safi, akalikausha, akaifungua leso aliyojifunga kiunoni, mpya, ya rangi nyekundu na nyeusi, akalifunga nayo mafundo mawili. Kisha akaniwekea mapajani ndani ya gari.

"Leso ni yangu," alisema dereva akiwasha injini. "Usinitumie kwa mtu. Mwambie mama yako aniletee mwenyewe."

Iko Nairobi sasa, ndani ya kabati, bado imefungwa mafundo mawili.